Injini Iliyolala Miguu Juu

Walisema nitaishia kumshikia baba tochi. Jirani yetu mwenye ng'ombe wengi alikuwa anatangaza hivyo kila akipita uani: "Huyu shule ataiweza wapi, mikono yenyewe imejaa grisi!" Leo nina diploma ya ufundi wa magari na lori langu mwenyewe. Nyumba niliyojenga hapa kijijini, nje kidogo ya Butiama, ina vigae ambavyo hata watu wa Musoma mjini wananiulizia.

Lakini sikiliza, rafiki yangu. Kemshafti ya lori langu, ule mhimili wa chuma wenye matuta yanayofungua valvu, imelika. Nimenunua mpya Musoma, nikaapa kuifunga mwenyewe hapa nyumbani. Injini nimeishusha, na winchi ya kukodi imesharudi Bunda. Imebaki kuigeuza juu chini, na mtu mmoja haigeuzi. Nimepiga hodi kwa majirani. Wote wamenijibu kwa heshima zote: "Mtaalamu, wewe si una mashine?"

Basi nimekaa juu ya tairi, kemshafti mpya mapajani, na harufu ya oili imenirudisha utotoni.

Lori la baba liliharibikiwa kitu hiki hiki, kwenye ua huu huu. Babu alikwisha mwahidi mnunuzi wa vyuma chakavu kwamba siku ya gulio aje alibebe. Lori lile ndilo lililotulisha. Lilikuwa linabeba dagaa kutoka Kibara. Baba akapata kemshafti kuukuu kwenye gari lililokufa kule Buhemba, akaita risaga. Wewe unaijua risaga: jirani anakupa siku yake shambani, unampa chakula, na zamu yake ikifika unairudisha siku ile kwa jembe lako. Ila hakuna aliyewahi kuiita kwa ajili ya injini.

Walikuja wakicheka. "Shemeji," jirani mwenye ng'ombe alimwambia baba, "mimi nalazaga ng'ombe miguu juu. Leo unaniletea chuma?"

Baba akaeleza kwamba injini aliyoishusha isipogeuzwa, tapeti, vile vikombe vya chuma vinavyokaa juu ya kemshafti, zitadondoka ndani. Wanaume wakaingiza magogo, wakanguruma, na injini ikalala chali. Bibi alikuwa anasonga ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa, kwenye sufuria la msibani, na moshi wa furu, samaki wadogo waliokaushwa, ukachanganyika na dizeli. Mimi nilishika tochi mchana kweupe, maana ndani ya injini ni giza. Nilijua lori lisipopona, siku ya gulio linabebwa.

Kemshafti iligoma katikati. Baba akaivuta, akaisukuma, jasho likamwingia machoni, akakaa chini. Jirani yule akanawa mikono. "Hebu toka. Huyu ni ndama aliyekaa vibaya." Akafumba macho, akaizungusha polepole kwa ncha za vidole kama anavyosaidiaga ng'ombe wake kuzaa, ikateleza mpaka mwisho. Siku ya gulio, mnunuzi wa vyuma alilikuta lori linanguruma.

Msimu ule tulilima mashamba ya watu mpaka viganja vikawa vigumu. La mwisho lilikuwa la jirani mwenye ng'ombe. Jua lilipoinama, bibi aliacha mstari mmoja wa mtama na magugu yake. Mama akamwonyesha.

"Nimeuona," bibi alisema. "Tukimaliza mtama wote, jirani atapita kwetu kutafuta nini?"

Nilidhani amechoka.

Nilipokuwa chuoni baba aliugua, na majirani wale wale wakalima shamba letu mpaka nilipohitimu. Sasa baba hayupo, bibi hayupo, na neno risaga watoto wangu hawalijui. Niliporudi kutoka chuoni nilikodi trekta. Niliketi pembeni ya dereva, shati jeupe, tukapita shamba hadi shamba, na kabla ya chakula cha mchana kila aliyetupa siku yake alikuwa amelipwa. Hakuna aliyepika. Jirani mwenye ng'ombe, mzee sasa, alisimama ukingoni mwa shamba lake akiegemea fimbo. Dereva aliuliza kama kona ile ndogo, pale mtama wake ulipokuwa unaishia, tuiache, maana trekta linageuka kwa shida.

"Maliza yote," nilimwambia.