Kuku wa Maskini

Siku ile tulikuwa wanane katika chumba cha kitanda kimoja. Kitandani aliketi baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliyefika Kampala asubuhi kwa basi kutoka Kakamega. Kando yake aliketi mama shemasi wa kanisa letu, muuguzi katika hospitali ya Mulago, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazi. Kiti cha pekee tulichokuwa nacho alipewa bwana mmoja aliyetoka makao ya watoto yatima, mwenye faili ya buluu. Mzee wa kanisa alikataa kuketi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Waliobaki tulikuwa sisi wenyewe sakafuni: mimi niliyekuwa na miaka kumi na sita, mdogo wangu wa kiume wa miaka kumi na miwili, dada yetu wa miaka tisa, na kitindamimba wetu ambaye alikuwa na mitano tu.

Mama alikuwa amezikwa wiki tatu kabla ya hapo. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mkutano ule uliitwa ili kuamua watoto waende wapi, na niliposikia neno "watoto" nilielewa kwamba mimi sihesabiwi tena humo. Nilikuwa nimeacha shule mama alipougua, nikashika meza yake ya mitumba katika soko la Owino hadi mwenye meza alipoichukua.

Bwana wa makao hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba wale watatu wangekula mara tatu kwa siku, wangesoma, wangelala kila mmoja kitandani mwake. Alitoa fomu tatu. Kilichotakiwa ni sahihi ya ndugu wa damu. Baba mdogo alizitazama zile fomu kama mtu anayetazama mvua inayokuja naye yuko mbali na nyumba. Alikuwa na watoto saba na nusu eka ya shamba. Mama shemasi alisema, kwa huzuni, kwamba pengine ndivyo Mungu alivyofungua mlango.

Hapo mzee wa kanisa akauliza kama kuna mtu amemwuliza huyu binti.

Lazima niseme jinsi tulivyomjua mzee yule. Alikuwa na vibanda vitatu vya nguo Owino, na kanisani sisi watoto tulimwita mkono wa birika. Kila mradi wa serikali wa kugawia watu fedha ulipotangazwa, yeye alisimama baada ya matangazo na kusema kwamba kazi ya serikali ni kujenga barabara na kukamata wezi. Serikali, alisema, haimjui mtu kwa uso. Inamjua kwa orodha, na orodha ikipotea na mtu naye amepotea. Mungu alimkabidhi maskini kwa jirani yake, si kwa ofisi. Watu waliguna. Wengi tuliamini kwamba ilikuwa njia ndefu ya kusema hataki kutoa.

Akaniuliza ninaweza kufanya nini. Nikasema ninaweza kuchambua robota, ule mzigo wa mitumba uliofungwa, ninajua gredi ya kwanza na ya pili kwa kushika tu, na ninaweza kushona kwa mkono. Akaniuliza kama ninataka wadogo zangu waende. Nikasema sitaki, hata mmoja. Sauti yangu haikutetemeka, na ninajivunia hilo hadi leo.

Ndipo akaeleza alichokuwa akifikiri. Katika Sheria ya Musa, mwenye shamba alikatazwa kuvuna hadi pembeni. Pembe za shamba na masuke yaliyoanguka yalikuwa ya maskini, mjane na mgeni. Lakini, alisema, hawakuletewa mkate mezani. Waliingia shambani wakainama wakaokota. Yeye hakuwa na shamba. Alikuwa na marobota. Kila robota likishachambuliwa, hubaki nguo zenye zipu mbovu, madoa, vifungo vilivyopotea, na hizo huuzwa kwa jumla ziwe matambara ya gereji. Kuanzia Jumatatu zingekuwa zangu. Nizifue, nizishone, niziuze. Pesa mkononi hatanipa.

"Mzee," mama shemasi alisema, "mtoto hawezi kulala na njaa akisubiri dada yake amshonee mtu kifungo."

"Basi wewe mlishe mpaka kifungo kishonwe. Nani amekukataza?"

Bwana wa makao alicheka kidogo, kisha akarudisha fomu ndani ya faili. Alisema atarudi baada ya mwezi mmoja. Kama wadogo zangu watakuwa wanakula na kusoma, ataondoka. Kama la, fomu zitasainiwa. Baba mdogo alikubali kurudi siku hiyo.

Hivyo nilipewa mwezi.

Kuokota pembe si jambo la kupendeza kulisimulia. Nilifika Owino kabla ya robota kukatwa, nikangoja wachuuzi wachague, nikakusanya kilichobaki. Shati lililokosa vifungo vitatu nililikamilisha kwa vifungo vya shati lisilofaa tena. Suruali mbili zilizochanika zilitoa kaptura moja ya shule. Jioni nilifua, mdogo wangu akapiga pasi ya makaa kabla ya kusoma. Mama shemasi alituletea posho, yaani ugali, na maharage kila alipotoka zamu, akiweka sufuria mlangoni na kusema "bambi" kwa sauti ya huruma, neno la Kiganda la kumpa mtu pole, kisha akaondoka kabla hatujashukuru. Wiki ya pili nilikuwa na wateja wangu wawili wa kudumu, walimu wote wawili, waliotaka mashati safi.

Kosa langu nililifanya Jumapili ya wiki hiyo.

Katika kanisa letu, asiye na fedha huleta sadaka alichonacho: mkungu wa matoke, mayai, miwa, kuku. Baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada uani, na dalali ni mtu mcheshi kuliko mchungaji. Sasa ipo desturi ambayo kila mshirika anaijua. Mtu akinunua kitu naye hana haja nacho, hukirudisha: humpa mtoto aliye karibu ampelekee dalali, kiuzwe tena. Kuku mmoja huuzwa mara nne na asitoke uani. Mimi sikuijua desturi hiyo. Mama alikuwa mchuuzi, na Jumapili ibada ikiisha tulikimbia Owino wakati wateja ni wengi. Hatukuwahi hata mara moja kubaki kwenye mnada.

Jumapili ile tulibaki. Akaletwa mtetea mwekundu, mnono. Mzee wa kanisa akamnunua kwa bei iliyofanya watu wapige vigelegele. Akageuka, akaniona nimesimama nyuma yake, akanipa kuku mikononi na kusema, "Haya, binti." Kisha akamgeukia mtu mwingine na kuendelea na mazungumzo.

Nilisimama pale nimemkumbatia yule kuku. Nilifikiri: kumbe tulimsingizia. Mkono umefunguka. Nikapiga goti kumshukuru nyuma ya mgongo wake, maana alikuwa hanitazami, nikawakusanya wadogo zangu tukaenda nyumbani. Mdogo wangu akamchinja. Dada yetu akamnyonyoa. Tukala nyama kwa mara ya kwanza tangu msiba, tukala hadi kitindamimba akalala na mfupa mkononi.

Kitu kimoja hatukula. Kwetu, firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba. Watoto hawaigusi, na mwanamke humpikia mume akamwekea. Mama alitufundisha hivyo, na hata baada ya baba kufariki aliitenga, akampa mgeni mwanamume wa heshima kama yupo. Mimi niliitenga kwa mazoea ya mkono. Niliiweka kwenye kibakuli, nikaifunika, kisha nikabaki naitazama, kwa sababu hapakuwa na wa kumpa.

Jua lilikuwa halijashuka mzee wa kanisa aliposimama mlangoni. Alikuwa ametembea. Alisema dalali anamtafuta kuku. Alisema kuku yule alikuwa ameuzwa mara moja tu na alipaswa kurudishwa auzwe tena, na fedha yote ilikuwa ya kuwanunulia chakula wagonjwa wa Mulago wasio na ndugu wa kuwauguza. Akauliza yuko wapi.

Manyoya mekundu yalikuwa kwenye beseni karibu na miguu yake.

Kitindamimba aliamka. "Firigisi ipo, mzee," alisema. "Dada amekuwekea."

Mzee yule ni Mganda, na kwao pia firigisi ina mwenyewe. Aliangalia kibakuli, akaniangalia mimi, akaangalia kile kitanda kimoja na sisi wanne. Nilitamani ardhi inimeze. Nilianza kueleza kwamba sikujua, kwamba nilidhani amenipa, lakini aliinua mkono nikanyamaza. Najua sasa alichokuwa akipima. Aliyekuwa akihubiri miaka yote kwamba maskini ni wa jirani, sasa jirani alikuwa yeye, na kibakuli kilikuwa mbele yake. Kula kulikuwa na maana yake na kukataa kulikuwa na maana yake.

Akavua kofia, akaketi kwenye kile kiti, akanawa, akaomba, akala.

Alipomaliza aliniambia kwamba kuku huyo nitamlipa. Si kwake, kwa wagonjwa. Na si kwa fedha: kuku kwa kuku, wa uzito uleule. Nilikubali. Kesho yake mama shemasi alipopata habari alikasirika. Alisema kuku alikuwa wa maskini na maskini wamemla, hesabu imekwisha, na kumdai yatima ni aibu. Mzee akamjibu kwamba huyu binti hayumo katika orodha ya maskini. Binti alikataa kuingia humo mbele yetu sote, na mama shemasi mwenyewe alikuwapo. Ombaomba hadaiwi kitu. Anayedaiwa ni mtu mwenye uwezo.

Watu wengi wangesikia ukali katika maneno hayo. Mimi nilisikia heshima, na sijabadili mawazo. Nimeona misaada ya kila namna ikipita Nakawa, mtaani kwetu, tangu wakati ule: magunia yenye nembo, picha za watu wamepanga foleni, ahadi za msimu wa kura. Nimeona walioipokea wakirudi kuisubiri mahali palepale. Naamini kwamba Kristo alipowagusa wagonjwa aliwagusa kwa mkono wake, hakutuma karani. Mdogo wangu, ambaye alifika chuo kikuu, hubishana nami sana juu ya hili. Huniambia, "Dada, si kila yatima ana mzee wa kanisa." Hilo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba bila sufuria ya mama shemasi, iliyokuja bila sharti, vifungo vyangu visingetosha mwezi ule. Lakini naye alikuwa jirani. Hakuna ofisi iliyomtuma. Jibu langu kwa mdogo wangu ni kwamba kama wazee kama yule hawatoshi, basi tuwe sisi, na kibanda changu leo kina pembe ambayo siuzi.

Siku ya mwezi kutimia, walirudi wote. Bwana wa makao alikagua madaftari ya shule, akainua kifuniko cha sufuria, akauliza tunalala saa ngapi. Niliona kwamba aliridhika nusu. Ndipo akauliza, kwa kuwa ilimpasa kuuliza, ni mwanamume gani mtu mzima anayeisimamia nyumba hii. Baba mdogo aliinamisha kichwa. Akashika kalamu.

Nikaona kwamba mwezi mzima unaweza kuishia kwenye swali moja. Nikasema mzee wa kanisa alikula firigisi kwetu.

Baba mdogo aliinua uso. Akamgeukia mzee. "Ulikula firigisi katika nyumba ya kaka yangu?"

"Nilikula."

"Ulijua ni nini unakula?"

"Mimi si mtoto, bwana. Nilijua."

Baba mdogo akaweka kalamu chini. Alisema kwa Kiluhya, kisha kwa Kiswahili ili wote waelewe, kwamba nyumba yenye mtu wa kula firigisi haiwezi kuitwa nyumba ya yatima, na yeye hatasaini. Bwana wa makao hakuelewa vizuri, lakini alielewa kalamu. Akafunga faili. Alitupa mkono sote, hata kitindamimba, akatutakia heri, na nilimwamini.

Mama shemasi alifuta macho, kisha akamcheka mzee. "Sasa wewe mla firigisi, utailipa lini? Au deni ni la mtoto peke yake?"

Mzee alijifanya hakusikia. Aliinama chini ya meza, ambako nilikuwa nimemfunga faranga mdogo wa kike kwa kamba mguuni. Nilimnunua sokoni kwa bei ya mashati mawili niliyowauzia walimu, kwa kuwa mtetea mzima alikuwa mbali na uwezo wangu. Alimpapasa kifua kwa kidole gumba kama mnunuzi, akamwinua, akampima kwa mkono mmoja, akamrudisha sakafuni.

"Huyu bado," akasema. "Mlishe."

Nikammwagia mahindi.