Masikio ya Bujiku

Kanisa zima liliposimama kwa ajili ya Injili, Bujiku alibaki ameketi. Mkewe Scolastika alimwona kutoka kwenye benchi la kwaya. Mumewe hakuwa amesinzia. Macho yake yalikuwa wazi, yanamtazama padri kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani ya nyumba: anaiona inanyesha, lakini haimlowanishi.

Walipotoka nje akamshika mkono, akasimama mbele yake.

“Baba Martina, leo umenitia aibu mbele ya watu.”

“Goti,” akajibu Bujiku. “Goti langu lilishika.”

Scolastika hakumbishia. Alimwangalia tu, kisha akafunga kanga yake vizuri, wakaenda nyumbani.

Sasa, pale Geita hakuna aliyemwita Bujiku kwa jina lake. Wote walimwita Masikio. Jina hilo hakujipa, alipewa na watu kwa kazi yake. Tangu utoto wake kijijini kwao Didia, akichunga ng'ombe wa baba yake, aliweza kusema kundi linalokuja ni la nani kabla halijaonekana, kwa mlio wa kengele zao tu. Alipokuja mjini na kujifunza ufundi wa magari, kipaji hicho kikahamia kwenye injini. Gari likiwa bado barabarani, yeye ndani ya gereji amefumba macho, anasema, “Hilo linalokuja plagi moja haichomi.” Wenye gari wakishuka kueleza shida, anawaambia wapumzike, ameshaisikia. Watu walitoka hata Masumbwe kuja kumsikilizisha magari yao, kama wagonjwa wanaopelekwa kwa daktari mmoja wanayemwamini.

Lakini kati ya Didia na gereji kulikuwa na karasha. Alipofika Geita kijana, kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Karasha lile lilinguruma kutwa, vyuma vinapiga mawe, mawe yanapiga vyuma, na wachimbaji waliosimama pembeni yake walizungumza kwa vidole. Jioni masikio yakivuma walicheka, wakasema karasha limekuimbia. Bujiku alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba. Kwao pamba ililala hadi chini ya kitanda. Na hata siku moja haikumjia akilini kuchukua kipande kidogo, cha ukubwa wa punje ya hindi, azibe masikio yake.

Karasha lilikuja kudai chake wakati Bujiku ameshaota mvi. Kwanza ndege walinyamaza. Kisha simu ikawa inaita mfukoni na yeye anashangaa watu wanamnyooshea kidole. Halafu sauti za wanawake zikawa nyembamba, nyembamba, mpaka zikakatika kama uzi. Daktari alimtazama, akampima, akamwambia mishipa mingi ya kusikia imekufa na haitafufuka. Bujiku akarudi nyumbani akamwambia mkewe ni nta ya masikio tu. Shangazi yake akamletea samli kutoka Didia, ikatiwa masikioni matone kwa matone, ikachafua mto, basi. Aliomba peke yake, chini ya magari, amelala chali na uso umejaa oili: “Bwana, kama lazima uchukue kitu, chukua hili goti. Chukua hata jicho moja. Masikio niachie, ndiyo jembe langu.”

Kilichomwokoa ni bisibisi. Alikuwa nayo ndefu, ya mpini wa mti. Siku moja aliisimamisha kwenye injini inayonguruma, akauma mpini kwa meno ili mikono ibaki huru, na ghafla sauti yote ikamwingia kichwani! Ilipitia kwenye meno na mifupa ya taya, ikafika kule ambako masikio hayafiki tena. Nusura alie. Tangu siku hiyo hakupima gari bila kuuma bisibisi. Watu wakadhani ni mtindo mpya wa Masikio, na mafundi wawili wa gereji ya jirani wakaanza kuuma bisibisi zao pia, wakikunja uso kama wataalamu, wasisikie chochote zaidi ya walichokuwa wakisikia.

Ndipo akaja Abdulwahab.

Abdulwahab alikuwa mnunuzi wa dhahabu, kijana mcheshi, mwenye gari la michezo lililolala chini kama paka anayenyemelea. Dada yake Zuhra alikuwa anaolewa, naye alitaka gari lake liongoze msafara wa bibi harusi, tena liongoze kwa sauti. Aliagiza heda mpya, yaani yale mabomba manne yanayopokea moshi kwenye injini na kuungana kuwa bomba moja, badala ya lile pande zito la chuma ambalo gari lilitoka nalo kiwandani.

“Shikamoo, mzee Masikio!” alipaza sauti, na kwa bahati alipaza kweli.

“Marahaba, bosi.”

“Mzee, nataka nikikanyaga mafuta nikiwa Masumbwe, mama hapa Geita aanze kuosha mchele.”

Bujiku alicheka. Alipofungua boksi akayaona mabomba yale, yamepinda kwa adabu, yanang'aa kama vyombo vya sadaka, alisahau shida zake. Mikono yake bado ilikuwa mizima. Bolti za zamani zilikuwa zimeshikana kwa kutu na joto la miaka. Fundi mwenye pupa angezikata zote. Yeye alizimwagia mafuta, akaziacha zinywe, akazipasha moto kidogo, akazirudisha na kuzivuta, kuzirudisha na kuzivuta, akizibembeleza. Zikatoka zote bila hata moja kukatika. Akasafisha uso wa injini, akaweka gasketi mpya, akaning'iniza heda, akakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni ili zisivute upande mmoja. Akawasha gari, akauma bisibisi, akagusa kila kiungo. Hakuna palipovuja pumzi. Scolastika alimletea uji akamkuta anatabasamu peke yake.

“Leo umemwona nani?” akamuuliza.

Bujiku alimsoma midomo. “Nimeona kazi,” akasema.

Kesho yake akaja Donatus, fundi wa kompyuta kutoka Mwanza, kijana wa maneno machache. Akamweleza Abdulwahab, Bujiku amesimama hapo hapo akikodolea midomo, kwamba injini yenye heda mpya inapumua tofauti, kwa hiyo lazima kompyuta ya gari ifundishwe upya: mafuta kiasi gani, na moto wa plagi uwahi kiasi gani. Moto ukiwahi kidogo gari linapata nguvu. Ukiwahi mno, injini inaanza kugonga ndani, na ikigonga kwa muda pistoni zinapasuka, gari limenoki.

“Kompyuta yangu inaweza kuona kugonga,” akasema Donatus, “lakini kwa kelele za heda hizi inadanganyika. Nahitaji sikio la mtu.”

“Sikio!” Abdulwahab akampiga Bujiku begani. “Wallahi, ungeenda dunia nzima usingepata kama hili. Mzee, panda mbele.”

Gereji nzima ilikuwa inatazama. Hapo Bujiku angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, dogo tu: sisikii. Lakini akamwona Mihayo, fundi wa jirani, ameegemea ukuta na bisibisi yake mfukoni, akingoja kujifunza, na neno likarudi tumboni. Fundi Masikio asiyesikia atakuwa nani? Atakaza nati za watu mpaka afe, tena kwa kuonewa huruma.

Akatia bisibisi yake mfuko wa suruali, akapanda.

Walitoka nje ya mji, kwenye kipande cha barabara chenye mlima. Abdulwahab anaendesha, Donatus yuko nyuma na kompyuta mapajani. Waya wa kompyuta ulipita miguuni mwa Bujiku, mahali ambapo Donatus alikuwa ametoa zulia la gari, chuma kikabaki uchi, kile kiukuta kinachotenganisha injini na watu. Abdulwahab akakanyaga. Mgongo wa Bujiku ukabanwa kwenye kiti, miti ikakimbia. Ndani ya kichwa chake kulikuwa na mvumo mmoja tu, kama wa mtu aliyezamishwa kwenye pipa la maji.

Walipofika juu, Donatus akamgusa bega, akainua dole gumba kwa kuuliza.

Bujiku naye akainua dole gumba.

Donatus akabonyeza, akauwahisha moto kidogo. Wakarudi chini, wakapanda tena. Gumba likauliza, gumba likajibu. Jasho lilimtiririka Bujiku mgongoni ingawa madirisha yalikuwa wazi. “Maria Mtakatifu,” alisema moyoni, “nifunike hii mara moja tu.” Na hapo hapo akajua kwamba anamwomba Mama wa Mungu amsaidie kudanganya, akaona haya kuendelea.

Safari ya tatu, katikati ya mlima, kisigino chake kiliona kitu. Hakikuwa sauti. Kilikuwa kitu kidogo, kikavu, kinachopiga sakafuni chini ya mtetemo ule mkubwa. Labda ni kokoto za barabarani. Labda ni hofu yake. Abdulwahab alikuwa anacheka, meno yote nje, mguu umekanyaga hadi mwisho, kwa sababu alikuwa ameambiwa na Masikio kwamba yote ni salama.

Bujiku akachomoa bisibisi. Akainama mpaka kifua kikagusa magoti, akasimamisha ncha kwenye chuma kile kilicho uchi, akauma mpini.

Tra-tra-tra-tra-tra! Kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Lilikuwa karasha tupu.

“Zima!” akapiga kelele, mpini bado mdomoni. “Toa mguu! Toa mguu, inagonga!”

Abdulwahab alishtuka, akatoa mguu, gari likayumba likasimama kando kwenye vumbi. Bisibisi ilikuwa imemrukia Bujiku, ikamvunja jino, damu inamtoka kidevuni.

“Mzee, unatafuna gari langu?” Abdulwahab alianza kucheka. Kisha akaona damu, akaona na uso wenyewe, akaacha.

Donatus alikuwa anatazama kompyuta yake, rangi imempotea. “Kweli inagonga,” akasema. “Na mara ya pili pia iligonga, hapa naiona sasa. Mbona mara ya pili ulisema safi?”

Bujiku hakumwona akisema, maana alikuwa anafuta damu. Wakamngoja. Kisha Abdulwahab akapiga makofi mawili makali nyuma ya kichwa chake. Bujiku hakugeuka.

Walimgusa bega. Aliposoma nyuso zao, alijua hakuna tena cha kuficha.

“Sisikii,” akasema. “Muda mrefu sasa. Nasikia kwa meno.”

Abdulwahab akakaa kitako kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. “Ya Rabi. Nimemchukua kiziwi akanisikilizie gari la harusi.”

“Lakini ndiye aliyekuambia usimame,” Donatus akasema.

“Na ndiye aliyeniambia nikanyage.”

Na kweli, yote mawili yalikuwa kweli.

Donatus aliurudisha moto nyuma, injini ikapona. Walirudi mjini taratibu. Abdulwahab hakuwa mtu mbaya. Hakumtukana, hakumdai. Alisimulia tu, kwa wanunuzi wenzake, kama mtu anavyosimulia kisa cha kuchekesha, na Geita kisa hakilali. Baada ya muda mfupi wateja wakaanza kuja kwa namna mbili. Wapo waliomfokea sikioni kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, halafu wakaenda kumuuliza Mihayo kama alichosema Bujiku ni kweli. Na wapo wasiokuja kabisa. Jina la Masikio liliendelea kutajwa, ila sasa walilitaja wakicheka, naye aliona vicheko tu.

Siku ya harusi ya Zuhra alikuwa amekaa mlangoni kwake, hana kazi. Aliwaona majirani wanatoka mbio kwenda barabarani. Maji ndani ya kikombe chake yakaanza kutetemeka. Akakiangalia kikombe mpaka maji yakatulia.

Scolastika alirudi kutoka barabarani akiwa anapepea uso kwa kanga.

“Linalia vizuri?” Bujiku akamuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumuuliza mtu mwingine jambo hilo.

Mkewe akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaketi mbele yake ili aone midomo. “Linalia vizuri, Baba Martina. Halina kasoro.”

Bujiku akainamisha uso, mabega yakaanza kutikisika. “Nilikuambia ni nta,” akasema. “Halafu goti.”

“Nilijua tangu siku ya goti.”

“Mbona hukusema?”

“Nilikuwa naomba useme mwenyewe.”

Kisha Scolastika akaingia jikoni, akarudi na mwiko wa ugali aliokwisha kuuosha. Bujiku alidhani anaitwa kula. Mkewe akamsogezea mpini mdomoni, kama mtu anavyomlisha mtoto, akamfanyia ishara: uma. Akauma, kwa upande wa meno mazima. Ule upande mpana Scolastika akaukandamiza kifuani pake, hapa kwenye mfupa, akafumba macho, akaanza kuimba taratibu wimbo wa Mama Maria wanaouimba kwenye kwaya kila Jumapili.

Sauti ikaja, ikapanda kwenye mti, ikaingia.

Bujiku akakodoa macho kwa mshangao. Aliutoa mpini mdomoni.

“Sauti yako imezeeka, Mama Martina.”

“Na wewe je? Na meno huna!” Akacheka, lakini kicheko hicho Bujiku alikiona tu.

“Hebu subiri,” akasema, akauma mwiko haraka. “Cheka tena.”