Sikio la Upande wa Pili

Mama aliyeleta binti yake kuandikishwa darasa la kwanza ananukia michembe, vile viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga. Bibi yangu alinukia hivyo. Alijua neno moja tu la Kizungu, fiti, na alilitumia kwa jembe lenye makali, ng'ombe aliyepona, hata gauni lililonikaa vizuri.

Enzi zetu kipimo kilikuwa kupitisha mkono juu ya kichwa uguse sikio la upande wa pili. Wangu haukufika.

"Hajatosha," akasema mwalimu.

Bibi akaniinamisha kichwa kidogo, vidole vikagusa. "Fiti, mwalimu."

Mwalimu akacheka, akaniandika.

"Kamwili kake kadogo, mwalimu," mama huyu ananiambia kwa wasiwasi.

"Yuko fiti, mama," namjibu, huku naandika.