Mpaka Uliochomwa Elgon View

Watu wa Elgon View, mtaa wa matajiri hapa mjini, hawapikii kuni. Wana gesi jikoni, lakini nyuma ya nyumba wamejenga duara la mawe, wakalizungushia viti, na Jumamosi jioni wanakaa hapo kuutazama moto tu, glasi mkononi. Wanaliita faya piti. Mara ya kwanza kupeleka kuni huko nilimuuliza askari wa geti ni nani amefariki, maana kwetu watu wakikaa nje kuzunguka moto ni matanga. Alicheka mpaka akashikilia geti.

Niliacha shule darasa la saba. Tangu hapo nimepakia viazi kwenye malori, nimefyatua matofali, nimekamua ng'ombe wa watu, na nimehama miji mingi kuliko viatu nilivyovaa. Sasa nina chumba Huruma, mtaa wa watu wa hali ya chini, na siku ambazo mjengo hauna kazi napasua kuni. Miti niliijua kwa kuuliza. Blugamu mbichi hutoa moshi wa kufukuza wageni. Saipresi hurusha cheche na kutoboa sweta za watu. Muwati mkavu ndio unaokaa motoni. Lakini madam mmoja, mteja wangu mkubwa, alitaka zaidi.

"Niletee kitu kinanukia," aliniambia. "Zile za juzi zilinuka kama jikoni ya shule ya bweni."

Kinachonukia ni mtarakwa, na mtarakwa ukiukata msituni unafungwa. Uliobaki ni posti za zamani kwenye nyua za mashamba. Zimenyeshewa miaka na miaka, nje ni za kijivu kama mfupa, lakini ukizipasua ndani bado ni nyekundu na harufu inatoka kama penseli mpya. Nikaanza kuulizia. Dereva wa pikapu niliyokuwa nikikodi akasema kuna mzee mashambani, upande wa Burnt Forest, anauza posti zake, anataka kuweka za saruji.

Mzee alinikaribisha kwa chai ya maziwa. Tukatembea kando ya seng'enge yake, mabua ya mahindi yaliyovunwa pande zote mbili. Posti thelathini na moja. Nilimuuliza mtarakwa huo ulitoka msitu gani, nani aliuchonga, na kwa nini posti ya pembeni ina herufi mbili zilizochomwa kwa chuma cha moto.

"Hizo ni za marehemu ndugu yangu," alisema. "Huyo alikuwa anaandika jina kila mahali, hata kwa jembe."

Tukacheka. Swali moja sikuuliza: ng'ambo ya seng'enge ni shamba la nani.

Tuling'oa siku nzima, mimi na dereva. Tulipomaliza mzee akasema, "Kijana, ziba hayo mashimo ushindilie vizuri. Ng'ombe asije akavunjika mguu." Nikaziba. Nikashindilia kwa miguu yangu, shimo baada ya shimo, nikiwaza kwamba huyu ni mtu muungwana, anafikiria hata mifugo. Nikikumbuka hapo nataka kujipiga kofi.

Kama wiki tatu baadaye, mama mmoja alifika uwanjani ninapopasulia kuni. Dereva ndiye aliyemwelekeza. Viatu vyake vilikuwa na matope ya kwao. Hakusalimu. Aliokota kipande cha mtarakwa, akakinusa, akakirudisha.

"Ni wewe ulikula mpaka wangu?"

"Mama, mimi nauza kuni tu."

"Ulikula na trekta. Wewe ulianza, trekta ikamaliza."

Alikuwa mjane wa yule mwenye herufi. Yule mzee wa chai ni shemeji yake, na seng'enge niliyoing'oa ndiyo iliyotenga shamba lake na la shemeji. Wakati ule mama alikuwa hapa mjini akimuuguza binti yake aliyezaa kwa upasuaji. Aliporudi alikuta mashamba yote mawili yamelimwa kama moja, na shemeji ameingia kwake hatua kumi, kutoka barabarani hadi mtoni. Alipomuuliza, shemeji alishangaa. "Seng'enge gani? Hapo hakujawahi kuwa na seng'enge. Nionyeshe shimo hata moja."

Shimo hata moja. Mtu yule alinitumia kama panga la kuazima, kisha akaniambia nijifute damu mwenyewe.

Mama hakutaka pole yangu. Alitaka posti yenye herufi. Wazee wangekaa Alhamisi mbele ya naibu wa chifu, na hakuwa na kitu cha kushika mkononi. "Mume wangu aliichoma hiyo posti mimi nikiwa nimeishikilia," alisema. "Nikiitupa hapo mbele yao, atasema hakukuwa na seng'enge?"

Posti hiyo nilikuwa nimeikata vipande vitatu, lakini herufi zilibaki nzima kwenye kipande kimoja, na kipande hicho kilikwenda Elgon View. Nilikwenda mbio.

"Ile ya herufi?" madam alisema. "Wee! Hiyo ndiyo ilikuwa staa wa birthday." Akatoa simu anionyeshe. Niliziona herufi zikiliwa na moto, na wageni wakibahatisha ni za nani. Mmoja akapiga kelele kwamba ni za mpenzi wa zamani wa madam, wote wakaangua kicheko.

Nikamwomba anitumie hiyo video. Nikamweleza yote: mjane, trekta, Alhamisi. Alisikiliza, siwezi kumsingizia.

"Woi, pole sana. Lakini siwezi kutuma, watoto wangu wako hapo. Na kuni zimeungua, sasa niuambie moshi urudi? Mimi nilinunua kuni, sikununua kesi."

Nilipofika getini akaniita. "Kijana wa kuni! Utaleta zingine kama hizo?"

Nikafungua geti nikatoka, na sijarudi kwake.

Alhamisi nilikwenda mwenyewe. Mama alinitazama nikishuka kwenye bodaboda bila kile kipande cha herufi, akaelewa, akageuza uso. Nikawaomba wazee niseme. Niliwaambia niling'oa posti, nani aliniuzia, nani aliniambia nizibe. Kisha nikawatembeza kwenye shamba lililolimwa, tangu barabarani, nikihesabu hatua kati ya shimo na shimo kama nilivyoyashindilia. Viatu vilizama kwenye udongo laini. Mzee wa chai alitufuata akicheka.

"Mnasikiliza mtu wa Huruma? Leo anauza kuni, kesho atawauzia maji ya mvua. Huyu ni mwizi, alibeba posti zangu zote!"

"Posti gani, Mzee?" nikamuuliza. "Si umesema hakukuwa na seng'enge?"

Mzee mmoja alikohoa. Naibu wa chifu aliangalia kalamu yake. Nilijua tumemaliza, uongo umeshikwa mkia mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Wazee wakaenda kando kuongea. Waliporudi, mkubwa wao akanishukuru kwa kusema ukweli. Halafu akasema hawa ni watu wa boma moja, watazikana, si vizuri mmoja ashinde na mwingine aaibike. Kwa hivyo ile sehemu ya katikati igawanywe nusu kwa nusu, na amani irudi.

Nusu! Mtu ameiba hatua kumi, amekamatwa, anapewa tano kama zawadi ya kukamatwa. Nilisimama nikapiga kelele, nikauliza kama mtu akiniibia ng'ombe watanigawia miguu miwili. Naibu wa chifu akaniambia nikae au niende, mimi si wa hapo.

Wakasali. Shemeji akaagiza kreti ya soda, akagawa kwa mkono wake mwenyewe, akianzia kwa mjane. Mama akapokea kwa mikono miwili. Ilipofika zamu yangu niliikataa.

Mama akaichukua, akaja nayo nilipokuwa nimesimama, akaongea polepole ili wengine wasisikie.

"Kunywa."

"Mama, siwezi. Huyu mtu amekuibia."

"Najua ameniibia, unanifundisha? Wewe utapanda bodaboda uende na hasira yako. Mimi nikiugua usiku, yeye ndiye mwenye gari. Kunywa, wanakuangalia."

Shemeji alinyanyua chupa yake kutoka ng'ambo, akanitabasamia. Nikanywa. Ilikuwa moto kwa kukaa juani, na niliimaliza yote.