Siku Niliposafisha Uani kwa Baba

Siku zile nazikumbuka kwa harufu ya chokaa mbichi, mwanangu. Nilikuwa sijatimiza miaka thelathini, nimetoka Dar es Salaam na ruhusa ya wiki mbili kazini, nimekuja Bagamoyo kuitengeneza nyumba ya marehemu baba ipate kuuzwa. Nyinyi siku hizi mnaipiga nyumba picha kwa simu, mnaitangaza kabla hata hamjaifagia. Sisi mnunuzi alikuja kwa miguu yake, akachungulia kila pembe, na ole wako akute popo darini.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya Kaole, uani kwake kunateremka mpaka kwenye mikoko. Chumvi ilikuwa imekula bawaba zote. Watoto wa baba tulikuwa wawili, mimi na dada yangu Zuhura, baba mmoja, mama mbalimbali. Yeye ndiye aliyebaki na baba na kumuuguza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mgeni wa sikukuu. Tulikubaliana bila ugomvi kwamba nyumba iuzwe, maana peke yake asingeiweza.

Siku ya kwanza nilifanya kazi kama ninayefukuzwa. Dada alikwenda sokoni. Mimi na fundi tukakwangua kuta, tukavunja banda la kuku, tukafyeka magugu. Kwenye kona ya uani, karibu na mstafeli, palikuwa na mawe ya matumbawe yamekaa ovyo, au mimi niliyaona hivyo. Nikamwambia fundi ayabebe akajazie shimo la mlangoni palipokuwa pakituama maji, kisha apige saruji juu. Dada aliporudi alisimama na kikapu chake mkononi, akaitazama ile kona kwa muda mrefu. Akaingia jikoni.

Kesho yake akaja dalali kukagua, mtu wa maneno laini na macho yasiyotulia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hizi nyumba za zamani uziangalie, bibie. Wazee walikuwa wanafukia vitu vyao vya thamani. Na anayejua vilipo ni yule aliyekaa ndani."

Nilicheka. Lakini neno lile liliniingia, mwanangu, likapata mahali pa kukaa.

Mchana huo, saa nane, wakati jua limewalaza watu wote, nilimwona dada dirishani. Alikuwa anatembea kutoka kisimani kuelekea mstafeli, hatua moja moja, midomo ikihesabu. Akafika, akainama, akachokoa udongo kwa kijiti. Akarudi kisimani, akaanza upya. Nilipotoka alijinyoosha haraka.

"Unatafuta nini, dada?"

"Kitu changu," akasema, akanipita.

Tangu hapo sikupata raha. Akinyamaza, nilisema moyoni anapanga jambo. Akizungumza, nilisema ananizuga. Akinipikia nilikula nikiangalia mikono yake. Siku mbili mfululizo nilijifanya nimelala mchana, jicho kwenye upenyo wa dirisha, na siku zote mbili alitoka na kijiti chake. Asubuhi ya Alhamisi alipokwenda sokoni, nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najisikia joto usoni. Nilifungua sanduku lake. Nilipekua kanga moja baada ya nyingine. Chini kabisa nikakuta kofia ndogo ya mtoto mchanga, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikaiweka pembeni, nikaendelea kupekua.

Alasiri hiyo jirani yetu Mzee Shomari alikuja kutujulia hali. Alikuwa Pangani kwa binti yake tangu kabla sijafika. Tukampa shikamoo, akaketi barazani, na dalali naye yupo, kwa kuwa mnunuzi alitazamiwa kesho yake. Dada akamwambia, "Mzee, nina jambo nataka kukuuliza, twende uani mara moja." Mimi nikaona hapo ndipo siri inapotoka mlangoni. Nikasimama.

"Jambo gani lisilosemwa mbele yangu? Useme hapa hapa. Kila mchana unachimba uani. Baba alifukia nini ambacho mimi sitakiwi kukijua?"

Dada alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Namtafuta Athumani," akasema.

Athumani alikuwa mwanawe wa pekee. Aliishi miezi minne, akafa kwa homa. Habari zilinifikia Dar. Nilituma salamu za pole kwa mtu aliyekuwa anakwenda Bagamoyo, nikasema kazi zimenibana. Sikuwahi kuuliza mtoto kazikwa wapi. Baba alitaka mjukuu wake awe karibu, akazikwa uani, kwenye ile kona, na yale mawe ndiyo yaliyokuwa alama yake.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ningekwambia nini? Kama hukujua, ningekuua kwa majuto. Na kama ulijua, sina la kuzungumza nawe. Nilitaka nimpate kwanza, kabla nyumba haijawa ya mtu."

Mzee Shomari, ambaye ndiye aliyemchimbia yule mtoto kaburi, alinigeukia. "Mazikoni hukuja, binti. Hitima hukuja. Leo umekuja kufagia." Hakuongeza kitu. Akamshika dada mkono, wakashuka uani, akapima kwa macho yake ya kizee kutoka kisimani mpaka ukutani, akasimama. "Hapa." Dada alipiga magoti pale pale. Dalali aliondoka bila kuaga.

Siku iliyofuata mnunuzi alikuja, mwalimu mstaafu aliyetaka kupumzikia karibu na bahari. Nilimweleza kila kitu mwenyewe, nikitazama chini. Aliomba muda wa kufikiri, nasi tukadhani hatarudi. Baada ya siku kumi akarudi. Ile kona ikaandikwa kwenye mkataba kuwa haiuzwi, na dada ana njia ya kuingia siku yoyote apendayo. Tukamjengea Athumani kiukuta kidogo.

Dada alihamia Mapinga. Nilimwambia na habari ya sanduku, akanisamehe kwa kinywa siku ile ile, na alikuwa mkweli. Lakini miaka mingi baadaye, kila nilipolala kwake, sanduku lake lilikuwa na kufuli. Kufuli hakulificha, wala mimi sikuuliza.

Sasa nisikilize, mwanangu. Unapokwenda kuuza nyumba ya wazee, kwanza keti na aliyebaki ndani yake, muulize kila kona ina nini, kabla hujashika fagio. Na ukimshuku ndugu yako, mwendee yeye mwenyewe, mkiwa wawili, umuulize kwa upole, na umpe nafasi ya kujibu. Mimi nilimsikiliza dalali, nikasikiliza dirisha, nikasikiliza hata sanduku. Yeye nilimsikiliza mwisho, tena mbele za watu. Na msiba wa ndugu yako uendee, hata kwa kuchelewa. Usipouendea, utabaki mgeni katika mambo ya kwenu, na mgeni hukanyaga asipopajua.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kuuliza mapema na moyo wa kuamini jibu. Awaweke wewe na nduguzo chini ya dari moja ya mapenzi, hata mkiwa miji mbalimbali. Amina.