Mashine ya Tatu

Shangazi yangu hakuamini kitu chochote kilichokuwa kimoja. Ufunguo mmoja, kwake, ulikuwa ufunguo uliokwisha kupotea, ila mwenyewe hujapata habari. Ndiyo maana mlango wetu ulikuwa na funguo kila upande: mmoja kwa fundi cherehani jirani, mmoja kwenye karakana ya mumewe, na mmoja ndani ya kiatu kibovu nyuma ya nyumba, ambacho nadhani kila mwizi wa mtaa alikijua. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na sote tulimwita Baba Cheche. Mimi ni mtoto wa kaka yake Shangazi. Nililetwa pale mdogo, nikakulia pamoja na wanawe wawili. Mkubwa tulimwita Dada. Wa pili alikuwa Kibonge, na mpaka leo ni kibonge, atanisamehe. Mimi nilikuwa Kizibo, kwa sababu nikishaziba mahali sing'oki.

Shangazi alifanya kazi idara ya maji, kwenye chumba chenye harufu ya saruji mbichi na vumbi la kompyuta zilizopata joto. Kabla yake, kompyuta moja ya makao makuu ndiyo iliyoziamuru pampu zote. Ikiugua yenyewe, mji mzima unashika ndoo. Yeye na wenzake wakaivunja ile enzi. Kila nyumba ya pampu ikapata kompyuta yake, inayolijua tangi lake na kuongea na wenzake kwa waya wa simu. Waya ukikatika, kila moja inaendelea na kazi kwa inachokijua, na ukirudi zinapeana habari za nyuma. "Waya utakatika tu," alikuwa akiwaambia vijana wa ofisini. "Anzeni kuchora kutoka hapo."

Akikwama kwenye mchoro, mashine tulikuwa sisi. Dada alikaa jikoni, Kibonge chumbani, mimi sebuleni, na korido ndiyo ilikuwa waya. Tulitumiana vikaratasi, naye akasimama katikati, na kila alipojisikia alinyakua kimoja akakichana.

"Umetuma, hujajibiwa. Unafanyaje?"

"Natuma tena."

"Na kama ujumbe ulifika, ila jibu ndilo nililolichana?"

Siku hiyo nilikuwa nimemwandikia Dada: ongeza kijiko cha sukari kwenye chai ya Baba Cheche. Nikatuma tena na tena, maana majibu yote yaliishia mikononi mwa Shangazi, na Dada, mtiifu wa kuudhi, akaongeza kila mara. Baba Cheche akapiga funda moja, akaitazama ile chai.

"Hii ikimwagika," akasema, "itaita nyuki mpaka wa mtaa wa pili."

Shangazi alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akatufundisha: usiandike "ongeza kijiko", andika "chai iwe na kijiko kimoja". Hata ujumbe ufike mara kumi, chai itabaki ile ile. Ukubwani nilikuja kufanya kazi kama yake, na vitabu vinene nimevisoma. Kila nikifika kwenye somo hilo namwona Baba Cheche na kikombe chake, na namkumbuka sana.

Basi, kule kilimani kulikuwa na tangi kubwa ambalo kukauka kwake ni balaa, na kufurika kwake pia ni balaa. Hapo Shangazi aliweka kompyuta tatu, kila moja na kipimo chake ndani ya maji, zipige kura. Mbili zikikubaliana, pampu inazitii hizo mbili, na ya tatu iseme itakavyo. "Wengi wape," alisema, na sheria hiyo akaileta mpaka nyumbani. Palipotokea ubishi tuliulizwa sote watatu, na wawili wakisema neno moja, kesi imekwisha.

Sheria hiyo ndiyo iliyonipeleka jikoni. Kibonge alipiga mpira sebuleni, Dada akiwa golikipa, na golikipa mwenyewe alikuwa bure kabisa. Mpira ukaenda moja kwa moja kwenye picha ya harusi ya Shangazi, kioo kikamwagika chini. Wakala njama papo hapo. Shangazi aliporudi alitupanga mbele ya kabati.

"Paka," akasema Dada.

"Paka," akasema Kibonge.

"Mpira," nikasema mimi.

Paka mwenyewe alikuwa mzee, mnene, hajawahi kuruka hata juu ya kiti. Alikuwa amelala mlangoni anasikiliza anavyosingiziwa. Lakini kura ni kura. Nilihukumiwa kwa kosa la kumsingizia ndugu yangu, nikaosha vyombo hadi Jumapili, na sufuria zote wiki ile ziliungua kana kwamba nazo zimepanga. Baba Cheche alikuja akasimama kando yangu na kitambaa, akawa anakausha sahani.

"Mimi siulizwi," aliniambia taratibu, "lakini yule paka namfahamu."

Baadaye akaitengenezea ile picha fremu ya chuma, akaichomelea mwenyewe kama geti. Ilikuwa nzito hadi msumari ukapinda.

Kisha zikaja mvua zenye tope. Vipimo viwili vya tangi vilikuwa vimetoka boksi moja na kufungwa upande mmoja, na tope moja likaviziba vyote. Vikasema maji yamepungua. Cha tatu kilikuwa upande wa pili, kwa sababu tu bomba halikutosha siku ya kukifunga, na hicho kikapiga kelele kwamba tangi limejaa. Kura ikapigwa, wengi wakapewa, pampu ikaendelea kusukuma. Maji yakafurika, yakashuka hadi kwenye maduka ya fanicha, na magodoro yakaonekana yakiteremka barabarani bila mnunuzi.

Shangazi alirudi na matope magotini. Hakwenda kuoga. Alikaa barazani, akaniita.

"Kizibo, nani alivunja kioo?"

"Mpira, Shangazi."

"Najua." Akavua kiatu, akamwaga maji yaliyokuwa ndani. "Niliwahesabu wawili, kumbe alikuwa mmoja. Watu wanaocheza pamoja na kuogopa pamoja si mashahidi wawili. Nisamehe, mwanangu."

Sikuwahi kumwona mtu mzima akimwomba mtoto msamaha. Nililia, na nusu ya kilio hicho ilikuwa furaha ya kushinda kesi. Toka hapo vipimo vikanunuliwa kwa watengenezaji tofauti na kufungwa mbalimbali. Ikawekwa na kengele: kimoja kikipingana na wenzake, mtu apande kilimani akatazame kwa macho yake. Nyumbani nako tukawa tunaulizwa mmoja mmoja, na mimi wa mwisho. Aliniita mashine yake ya tatu.

Baba Cheche alifariki kwa maradhi ya kifua, sisi tukiwa watu wazima wenye nyumba zetu. Shangazi alistaafu, akakaa vizuri miaka kadhaa, halafu usahaulifu ukamwingia. Alianza kusahau sufuria motoni, yakafuata majina ya wenzake wa kazi, na mwisho akasahau kwamba mumewe amekufa. Kila alasiri, saa za karakana kufungwa, aliuliza, "Baba Cheche amefika?"

Dada, ambaye alihamia kumtunza, alimwambia ukweli. Shangazi akaupokea kama habari mpya, akaomboleza kama siku ya maziko. Kesho yake akauliza tena, akalia upya. Dada alikonda. Akatuita mimi na Kibonge.

"Siwezi kumzika baba kila siku," alisema. "Jamani, siwezi."

Kibonge akashauri tumwambie mzee yuko njiani. Tatizo ni kwamba jibu moja Shangazi hakulitaka hata sasa. Sheria yake ilikuwa haijamtoka. Kila aliyekuwepo angeulizwa, kwa hiyo sote ilibidi tuseme neno moja. Nilikataa. Nikawakumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi.

"Wewe unakuja Jumamosi tu," Dada akaniambia. "Kilio cha siku nyingine unakisikia?"

Nikakubali.

Jumamosi alasiri Shangazi alikuwa kwenye kiti chake barazani. Kupitia mlangoni niliiona ile picha ya harusi ndani ya geti lake.

"Baba Cheche amefika?"

"Yuko njiani, mama," akasema Dada.

Akamgeukia Kibonge. "Ati?"

"Yuko njiani."

Akanigeukia mimi. "Na wewe?"

"Yuko njiani, Shangazi."

Hakuitikia kwa kichwa kama tulivyotarajia. Alinitazama, akawatazama wenzangu, akarudi kwangu.

"Wewe hujawahi kukubaliana na hawa," akasema. "Hata habari ya paka."

Kibonge alianza kucheka, kicheko kikamgeuka kikawa kilio. Dada akaangalia chini.

"Basi amekufa," akasema Shangazi.

"Ndiyo, Shangazi. Amekufa."

Alilia kimya kimya, na sisi tukalia naye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko tulie pamoja, sote wanne. Alipotulia akajifuta uso kwa kanga.

"Kesho nitakuwa nimesahau. Hawa waache waseme wanavyoweza, wamechoka. Wewe nikikuuliza, niambie."

"Utaumia."

"Niambie."

Jumamosi iliyofuata akauliza tena. Dada akasema yuko njiani, Kibonge akasema yuko njiani. Mimi nikamwambia amefariki. Akalia, akanishika mkono, kisha akaniambia nikamtengenezee chai, iwe na kijiko kimoja.