Kalisi na Poda ya Mama

Mpaka leo sijazoea. Kalisi, metali laini iliyomo ndani ya chokaa tunayopaka ukutani, ukiibana katikati ya ncha za almasi mbili kwa nguvu kama ile iliyomo ndani kabisa ya dunia, halafu ukaipoza kwa baridi kali mno, inapitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Usipoibana, ipoze utakavyo, haifanyi hivyo. Na shaba, fedha, dhahabu, zinazoongoza kwa kupitisha umeme kila siku, hakuna aliyewahi kuziona zikifanya kitu hicho.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilikasirika, nikadhani kuna mtu ananifanyia mchezo. Sisi wa mtaa wa Kadutu tunazijua nyaya. Waya mmoja ukibeba umeme wa nyumba nyingi unapata moto mpaka plastiki yake inanuka, na kila mtu anatoka nje kutazama juu. Leo uniambie kuna waya usiopata moto kabisa, tena wa kalisi! Nikaichagua iwe kazi yangu ya mwisho wa masomo ya fizika. Almasi sikuwa nazo. Nilikuwa na kompyuta ya kuazima na mahesabu, pale umeme ulipokuwapo.

Siku ya kuitetea kazi hiyo, Mama aliteremka nami mpaka chuoni Ibanda, amevaa kitenge kipya. Mkobani alikuwa na kopo kubwa la poda ya watoto. Kwetu mwanafunzi akifaulu humwagiwa poda kichwani, barabara nzima ijue. Mama hakuwahi kuona utetezi wa chuo. Aliketi nyuma, kopo magotini, akinitazama tu.

Aliyepewa kazi yangu kuikosoa alikuwa profesa mzee, na alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza kwa Kifaransa: kama kubana kunatosha, mbona shaba inakataa? Nikajibu. Akauliza tena: na magnesi, jirani wa kalisi kwenye jedwali la elementi? Nikarudia yale yale, kwa sauti ya juu zaidi. Hapo akaacha Kifaransa, nikajua mambo yameharibika.

"Mademoiselle, hii njo fizika ao njo uchawi? Mi nakuuliza magnesi, we unanijibu kalisi."

Watu wakacheka. Damu ikanichemka.

"Professeur, kama hamukusoma kazi yangu, museme!"

Msimamizi wangu akainamisha kichwa. Tukaambiwa sote tutoke, walimu wabaki waamue. Wakinikataa, nyumbani zamu ya kulipiwa chuo ingekwenda kwa mdogo wangu, nami ningebaki bila shahada. Tulikuwa tumekwisha kukubaliana hivyo.

Nilipovuka tu mlango, kitu kikanimwagikia kichwani. Kikaniingia puani, mdomoni, kwenye kola. Mama, aliyetangulia kutoka, alikuwa anapiga vigelegele.

"Mutoto yangu! Umemaliza!"

"Mama! Bado! Walimu njo banaenda kuamua sasa!"

Vigelegele vilikatika. Alilitazama kopo, lilikuwa tupu.

"Mungu wangu. Bado?"

Nilianza kujifuta kwa mkono wa shati, na poda ikazidi kutapakaa. Kabla sijafika popote mlango ukafunguliwa, nikaitwa. Nilipigwa na butwaa. Binti aliyemtukana profesa, sasa anaingia amejipongeza mwenyewe!

Nikasimama mbele yao mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Profesa mzee alikuwa amefumbua macho.

"Ulishajipitisha?"

"Ni mama yangu, Professeur. Hakujua."

Akaninyooshea kidole kichwani. "Hiyo poda, ndani iko nini?"

"Iko talki. Talki iko na magnesi."

"Basi turudi kwa magnesi. Tukiifinya sana, itafanya kama kalisi?"

Nilitafuta hasira yangu nikaikosa. Mdomo ulikuwa umejaa poda.

"Sijui, Professeur. Mahesabu yangu hayakufika kule."

"Hata miye sijui," akasema. "Njo maana nilikuuliza."

Nilishtuka kuliko siku ile ya kusoma habari za kalisi. Muda wote nilidhani ananidhihaki, kumbe mzee alikuwa anauliza kwa sababu anataka kujua. Mkuu wa jopo akasoma uamuzi: nimekubaliwa. Sikumbuki kama nilishukuru.

Mama nilimkuta ameketi kwenye ngazi, kopo miguuni, uso umelowa machozi.

"Nilikuharibia, mutoto yangu."

"Nimepita, Mama."

Hakupiga vigelegele. Alisimama, akanitazama machoni kuhakikisha simdanganyi. Kisha akaanza kuikusanya poda iliyobaki mabegani mwangu, kwenye mikono ya shati, kwenye kola, akiisukuma kiganjani kidogo kidogo. Ilipojaa konzi akainua mkono akanimwagia tena kichwani. Nami nilisimama wima, sikusogea, mpaka alipomaliza.